Jani la Malenge Mezani

Meza yenyewe bado iko katika stoo nyuma ya duka langu la dawa za mifugo hapa Nchiru, Meru. Siku hizi imebeba magunia ya chumvi ya ng'ombe na pampu ya kunyunyizia dawa ambayo mwenyewe hajarudi kuichukua. Kila ninapoisogeza nifagie, naona upande wa dirishani alama nyeusi ya mviringo, pale sufuria ya chai ilipounguza ubao. Alama hiyo ni ya Jumapili zetu.

Tulikuwa wanne. Mimi nilikuwa msimulizi. Wachezaji walikuwa watatu: dereva wa pikapu ya miraa, mwalimu wa hesabu mwenyeji wa Embu aliyefundisha sekondari ya jirani, na mdogo wangu, mkulima wa ndizi na mahindi. Dereva tulimwita Dere, mwalimu tulimwita Madam, na mimi waliniita Daktari, kama wateja wanavyoniita, ingawa mengi ninayoyajua nilijisomea na mengine nilifundishwa na ng'ombe.

Mchezo wetu niliupata kwa bahati. Mwanafunzi mmoja alihama hosteli ya jirani akaacha kitabu cha kanuni, nakala ya fotokopi isiyo na jalada, na mwenye hosteli akaniletea kwa sababu alijua nasoma chochote. Nilikisoma msimu mzima wa mvua, kamusi ikiwa kando. Kanuni zilikuwa nyingi lakini wazo lilikuwa rahisi. Watu wanaketi mezani, na kila mmoja anakuwa mtu mwingine katika nchi ya kubuni: askari, mganga, mpiga mishale. Msimulizi anawaeleza wanachokiona, nao wanasema watakachofanya. Msimulizi ndiye barabara, mvua, adui na mwenye hoteli. Pale isipojulikana kama jambo litafaulu, bahati inaamua. Kitabu kilitaka dadu za pande ishirini, ambazo sikuzipata popote Meru, kwa hiyo niliandika namba kwenye vizibo ishirini vya soda na kuvitia katika mfuko wa mbegu. Namba kubwa ni heri, ndogo ni hasara. Hata vizibo vya adui alivichota Madam, kwa sababu sikutaka kushukiwa.

Mke wangu aliuliza mara moja tu kama ile ni kamari. Nilimwonyesha mfuko, akakagua vizibo, akatuletea chai.

Tulicheza kwa Kiswahili kwa ajili ya Madam. Dere akikasirika alihamia Kimeru, Madam akamjibu kwa Kiembu, na walielewana vizuri kuliko walivyokubali.

Kwangu mimi Jumapili hizo zilikuwa na uzito ambao sikuwaambia. Mtu anayejisomea hana wa kumuuliza, na vibaya zaidi, hana wa kumpinga. Nilikuwa nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule. Katika stoo ile, kwa mara ya kwanza, nilichokiwaza wiki nzima kilikutana na vichwa vingine vitatu, na vichwa hivyo vilikigeuza, vikakitikisa, vikaona kilipopasuka.

Shida ni kwamba walikuwa wamekuwa hodari mno. Dere alikuwa askari wa shoka aliyeingia kila pambano mbele. Madam alikuwa mpiga mishale, naye alijua uwezekano wa kila kizibo kabla mkono haujaingia mfukoni. Mdogo wangu alikuwa mganga. Kazi yake ilikuwa kuwainua wenzake wakianguka, lakini hawakuanguka. Niliwaletea majitu, wakayamaliza. Nilitumia majuma kadhaa kutengeneza joka, nikaliandalia hotuba. Lilikufa kabla halijafika katikati ya hotuba.

Dere aliegemea kiti. "Daktari," akasema, "hili joka lako ulilipa dawa ya minyoo kweli?"

Madam alicheka mpaka akafuta macho. Mimi pia nilicheka. Kisha Dere akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Jumapili ijayo angekuja mara ya mwisho. Madereva wenzake walikuwa wakitazama mpira pamoja, na huko angalau mtu hakujua nani atashinda. Hakukusudia ubaya. Lakini nilijua kwamba meza ya watu watatu isingesimama. Madam alikuja kwa sababu ya kubishana na Dere, na mdogo wangu alikuja kwa sababu Dere alimpitia na gari.

Nilikuwa na Jumapili moja. Wazo la kwanza lilikuwa kuleta jitu kubwa zaidi, nikaliacha, kwa kuwa lingekuwa joka lile lile na hotuba fupi.

Katikati ya wiki, jioni, nilisimama mbele ya duka na chupa ya dawa ya kupe ambayo Dere alikuwa ameniagiza. Pikapu yake ilitokea upande wa mji wa Maua, mzigo umefunikwa turubai. Nilipunga chupa. Alipiga honi, akapita. Sikushangaa. Akiwa amepakia, Dere hakusimama kwa ajili ya mtu yeyote. Miraa hutafunwa ikiwa mbichi; ikishakatwa na kufungwa kwa majani ya mgomba imeanza kufa, na ikifika Nairobi imenyauka hakuna anayeitazama mara mbili. Aliwahi kumpita mama mkwe wake akiwa amesimama kando ya barabara kwenye mvua, akaja kutozwa mbuzi kwa kosa hilo, na alipomtoa mbuzi alisema angempita tena.

Nilibaki pale na chupa mkononi. Mtu yule yule, Jumapili, hakuwahi kupita kitu chochote. Nikimwambia kuna mwanga pangoni, aliingia. Mwizi akimtukana, alishuka farasi. Mezani kwangu alikuwa dereva asiye na mzigo.

Basi nikampa mzigo.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, nilichuma jani la malenge, pana na bichi, nikaliweka juu ya meza upande wa dirisha, panapoingia jua la mchana. Walipoketi niliwaeleza hali. Malkia wa bondeni ni mgonjwa sana. Dawa yake ni jani moja linaloota juu ya mlima, na mlinzi wake amekubali kuwapa. "Jani ni hili," nikasema, nikiligusa. "Likiwa bichi litamponya. Likinyauka ni takataka. Farasi mnao, na barabara ni ya kuteremka."

Dere alitabasamu. "Leo umenipa kazi yangu ya kila siku."

Adui yao alikuwa mchawi ambaye jeshi lake walilimaliza majuma yaliyopita. Nilikuwa nimemwachia watu wachache tu, dhaifu, ila akili nilimwachia yote. Kwenye njia panda niliweka wezi wake watatu, waliomwambia Dere kwamba shoka lake ni la kupasulia wajane kuni. Nilisema wazi kwamba wezi wako kwa miguu na barabara iko wazi. Dere alishuka. Walipigana, wakashinda, wakapekua mifuko ya marehemu hadi ya mwisho. Mbele zaidi niliweka pango lenye mwanga. Madam alitaka kujua ni mwanga wa nini, na ulikuwa upinde mzuri kweli, uliolindwa na nyoka watatu wazembe. Darajani niliweka jitu lililolala. Mdogo wangu aliuliza kwa nini wasilipite tu polepole. Dere akasema jitu lililolala ni jitu litakaloamka, na wakaanza kupanga. Mpango ulikuwa mzuri. Madam alipiga hesabu, chai ikaja, wakabishana, wakaurekebisha.

Mimi nilikuwa nikitazama jani. Kwanza kingo zilijikunja, kisha katikati ikalegea, kisha lote likalala juu ya ubao kama sikio la mbuzi mgonjwa. Mdogo wangu alilisogeza kidogo apate mahali pa kikombe. Hakuna aliyeliangalia.

Jitu lilikufa bila kuamka. Wakaingia mji wa malkia na upinde mpya, bila jeraha, watu wamejipanga njiani. Dere alisimama stooni, maana alipenda kusimama katika nyakati kama hizo, akasema anapiga goti mbele ya malkia na kumpa jani.

"Mpe," nikasema, nikaelekeza mkono mezani.

Aliliinua. Lilining'inia pande zote mbili za kidole chake. Alibana kikonyo kwa ukucha, kama anavyobana kijiti cha miraa kabla hajakubali kupakia, akatazama kama kuna maji. Hayakuwapo.

Madam ndiye aliyesema kwanza. "Hatujashindwa pambano hata moja."

"Hamjashindwa," nilikubali. "Hawakutaka kuwashinda, Madam. Walitaka msimame."

Dere alilirudisha jani mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Mzigo umelala," akasema, kama madereva wanavyosema miraa ikinyauka. Alichukua jaketi lake, akatoka, tukasikia pikapu ikiwaka. Mdogo wangu alibaki bila gari, akaenda nyumbani kwa miguu.

Nilipoosha vikombe nilijua kwamba nimefanya nilichokusudia, na kwamba huenda ndicho kilichomaliza kila kitu. Mtu anaweza kusamehe kushindwa na joka. Kushindwa na kazi yake mwenyewe ni jambo jingine. Wiki hiyo Dere alipita mara kadhaa akapiga honi, lakini alikuwa amepakia, na Dere akiwa amepakia honi yake haina habari yoyote ndani yake.

Jumapili ilipofika, Madam alikuja, na mdogo wangu akaja kwa miguu. Tuliketi. Mfuko wa vizibo ulikuwa katikati ya meza na hakuna aliyeugusa. Madam alisema pengine ningeweka wezi tu, bila pango wala jitu. Mdogo wangu alisema pengine jani lingekuwa la mti mgumu zaidi, kama parachichi. Chai ilianza kupoa.

Pikapu ilisimama nje. Dere aliingia akiwa amebeba jani zima la mgomba begani na kamba za mgomba mkononi. Hakusalimia.

"Yule malkia alikufa?"

"Alikufa."

"Kabisa?"

"Tulimzika."

Alifikiri. "Alikuwa na watoto?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Nilimtazama Madam, naye akatazama dari. "Ana binti," nikasema. "Ameanza kuumwa jana."

"Kachume jani lingine basi, Daktari. Lakini kufunga nafunga mimi."

Nilichuma. Alilirushia maji, akalilaza ndani ya jani la mgomba, akakunja, akafunga kwa kamba bila kutazama vidole vyake, na kifurushi akakiweka chini ya meza, kivulini. Kisha akaketi juu ya mikono yake miwili na kuniambia nianze.

Nilimwekea wezi wale wale, au ndugu zao. Nadhani sijawahi kutukana kwa uangalifu kama siku hiyo. Nilianza na shoka, nikaja kwa farasi, na mwisho mwizi mmoja akamuuliza kama ni kweli kuna mama mkwe aliyeachwa kwenye mvua. Madam aliinamisha kichwa mezani kwa kicheko. Mdogo wangu alimwangalia Dere kwa hofu ya kweli. Mishipa ya shingo ya Dere ilisimama, lakini mikono haikutoka.

"Waambie nimewasikia," akasema. "Tunapita."

Walipita pango. Walipita jitu jingine, ambalo safari hii nilikuwa nimeliamsha. Walipofika, Dere alikata kamba na kukifungua kifurushi mbele yetu, na jani lilikuwa bado na matone ya maji. Alilinusa, akampa binti wa malkia, yaani mimi, kisha akauliza kama Jumapili ijayo tungeweza kuanza mapema kidogo, kwa sababu kuna jambo alitaka kumfanyia yule mchawi.

Tulicheza miaka mingine mingi, hadi Madam alipohamishiwa kwao Embu. Dere aliuza pikapu, mgongo ulikataa. Siku hizi anapita hapa kwa miguu, hana mzigo, na husimama.