Mwiba wa Tasi Katikati ya Eda

Katika miaka thelathini na moja ya ndoa sikuwahi kupaa tasi. Kazi hiyo ilikuwa ya mume wangu. Alikuwa akikaa kwenye kibao cha mbuzi pale bombani, mkasi mkononi, anakata miiba yote kwanza, ndipo anagusa samaki. Nikitaka kumsaidia hunifukuza. "Tasi ana sumu mwibani, wewe unayo ulimini," husema. "Mkichomana, nitamzika nani?"

Basi akatangulia yeye, na mimi nikabaki na ulimi wangu.

Nilikuwa mwezi wa pili wa eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane kukaa ndani, katika nyumba yetu ya Makorora. Siku za matanga watu walijaa hata sikupata pa kunyoosha miguu. Baada ya arobaini, viatu vilivyobaki mlangoni vilikuwa vyangu tu. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alitaka kubaki nami mpaka mwisho. Nikamwambia sihitaji mtu wa kunitazama nikilia. Alikunja mkeka wake akarudi Pongwe, na hakupiga simu tena. Mimi nami sikupiga. Kiburi changu hakikuwa na eda.

Aliyeninunulia mahitaji alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mama Mlutheri kutoka Lushoto, muuza mboga. Siku hiyo aliniletea tasi wawili. Mwuza samaki alitaka kuwakata miiba, yeye akamwambia awaache wazima, wasije wakaharibika. Watu wa milimani waulize kabichi na mapeasi. Nilicheka, nikashukuru, nikaenda bombani, nikamshika tasi kama ninavyomshika samaki changu, asiye na sumu. Mawazo yangu yalikuwa kwenye kile kibao kilichokaa kitupu. Mwiba ukaingia kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia.

Dawa yake kila mtu wa pwani anaijua: maji ya moto, kadiri unavyoweza kustahimili. Nikatumbukiza kidole, maumivu yakatulia. Tasi nikawala wote wawili, kwa hasira.

Siku ya tatu kidole kilivimba kikang'aa, chekundu, cha moto, kinapwita sambamba na moyo. Nikazidi kukanda. Siku ya nne mtoki ukanitoka kwapani, na adhuhuri, wakati Tanga nzima inajipepea, mimi nilikuwa chini ya blanketi na shuka mbili, meno yanagongana kwa kitapo. Nikajiwekea mkono kwenye paji la uso nijue kama nina homa. Sikujua. Paji lilikuwa la moto na mkono ulikuwa wa moto, kwa hiyo kila kimoja kilikiona kingine kizima. Miaka yote ile alikuwa akinipima yeye, kwa mgongo wa kiganja, na sikuwahi kufikiri kwamba hiyo ni kazi isiyofanyika na mtu mmoja.

Zahanati ilikuwa mwendo mfupi kwa bajaji. Sikwenda. Bibi yangu alinilea nikiamini kwamba mjane akivuka kizingiti eda imevunjika, na sikuwahi kumwuliza mtu mwingine. Tena ile eda ndiyo iliyobaki ya kumfanyia mume wangu. Mengine yote yalikuwa yamekwisha, hata kufua kanzu zake. Nilisema moyoni, kama ni kidole na kiende.

Jirani aliingia na fungu la mchicha. "Shikamoo mama," akasema, na sauti yangu ilivyotoka akaacha mchicha sakafuni. Akaniwekea mgongo wa kiganja kwenye paji.

Nililia. Si kwa maumivu. Hakuna aliyekuwa amenigusa tangu arobaini.

"Mama, unaungua. Inuka twende."

"Siendi. Nipo eda."

"Eda gani inayomkataza mgonjwa daktari?"

Nikamgeuzia uso ukutani. Hakubishana. Alichukua simu yangu, akaniomba jina la wifi, akampigia, akamweleza, akaiweka karibu na sikio langu.

"Nani kakwambia eda ni kaburi?" wifi alifoka. "Mgonjwa atoka mchana, atibiwa, arudi kwake! Mie nshakaa eda mara mbili, wee wanifundisha nini? Wataka nizike wawili mwaka mmoja? Nenda na huyo mama. Nami naja."

Tabibu alikipasua kidole, akatoa usaha na kipande cha mwiba. Akasema ningechelewa siku mbili pengine angeukata mkono. Nilimwambia nilidhani uvimbe ndio ugonjwa. Akasema hapana: mwili ukijeruhiwa hupeleka damu nyingi pale, na ndani ya damu kuna chembe za kupigana na wadudu, ndiyo maana pakavimba na kuwa moto. Na homa ni mwili kujipasha wenyewe ili kuwadhoofisha wadudu. "Ulikuwa unapigana vizuri," akasema, "ila ulizidiwa." Nikatazama kidole changu na kukionea wivu. Kilipata wageni wengi kuliko mimi.

Wifi alikuja na mkeka ule ule. Alikaa mpaka jeraha likaziba, ananilisha kwa mkono wake kwa sababu wangu ulifungwa, na wala hakutaja ugomvi wetu. Nilitaka kumwomba radhi kila siku. Siku ya kuondoka nilimwomba, akasema, "Kula dawa." Akapanda bajaji, na nyumba ikanyamaza tena.

Eda iliisha siku ya Alhamisi. Nilioga, nikavaa gauni safi, nikavuka kizingiti, nikaenda mlango wa pili. Jirani alikuwa barazani akifunga mafungu ya mchicha.

"Nipime homa," nikamwambia.

Alishtuka. Akafuta mkono kwenye kanga, akaniwekea mgongo wa kiganja kwenye paji, akasikiliza kwa makini.

"Huna homa, mama."

"Najua," nikasema. "Usiutoe kwanza."