Ute wa Kahawa na Mdudu wa Chumba Kimoja

“Kahawa yenu inanuka hospitali.” Hivyo ndivyo wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alivyosema asubuhi ile, ameinamia sanduku letu la kuvundikia.

Ilikuwa miaka ile ushirika umelegea, wanunuzi binafsi wanapanda Mbinga na magari yao, kila mmoja na mizani yake. Hao walinusa, wakasugua, na wakikataa walikataa mbele za watu. Kwa hiyo kuvundika hakukuwa kazi ya mchezo. Unamenya matunda kwa mashine, punje zinatoka na ute unaoteleza kama bamia, unazilaza kwenye sanduku la mbao mpaka ute uachie. Ukizisugua kiganjani zikakwaruza kama changarawe, unaosha, unaanika kichanjani. Ukichelewa zinanuka siki. Ute ukibaki zinashikana na kuota ukungu.

Kazi hiyo nilikuwa nimempa mke wa mwanangu, binti wa wavuvi kutoka ufukweni mwa Nyasa, ambaye alikuwa hajatimiza mwaka kwetu. Jina lake ninalo, na majina ya wote waliokuja kuchungulia sanduku asubuhi ile. Yatakaa kwangu.

Jirani aliyemenya siku moja nasi alikuwa ameshaosha. Zetu zilikuwa bado zinateleza.

“Nani katia nini humu?” wifi akauliza.

“Mimi, shangazi,” binti akasema. “Sanduku lilikuwa na ukoko wa mwaka jana. Nikalisugua, nikatia ile dawa ya kusafishia maji niliyotoka nayo nyumbani. Ile tuliyogawiwa wakati wa kipindupindu.”

“Ohoo! Waosha vidagaa vya usipa wamekuja kutuoshea kahawa!” Wifi akanigeukia mimi. “Mnunuzi akiikataa hii, wifi, mrudishe ziwani kwao. Chakula cha nyumba nzima kimo humo.”

Mwanangu alitazama chini. Kwetu mwanamke aliyeharibu kahawa ya nyumba husemwa mpaka kwenye jumuiya, baada ya rozari.

Binti hakulia. Aliokota kijiti akachuchumaa.

“Bwana afya alituchorea hivi kule kwetu,” akasema, akichora kitu kilichopinda kidogo kama punje ya haragwe. “Huyu ndiye bakteria wa kipindupindu. Mwili wake wote ni chumba kimoja. Huku nje ana ukuta, unamshika asipasuke. Ndani ya ukuta kuna utando mwembamba, huo ndio mlango, chakula kinapita hapo. Ndani kuna uji tu.”

“Na moyo?”

“Hana moyo, shangazi. Hana hata kiini. Sisi chembe za mwili wetu zina kiini, kama yai na kiini chake cha njano. Yeye ana uzi umejikunja humohumo kwenye uji, bila chumba chake. Maagizo yake yote yamo kwenye huo uzi. Na huku nyuma mkia, wa kuogelea. Akishiba anajigawa, wanakuwa wawili.”

“Kumbe ni ugonjwa. Basi umeua ugonjwa, kahawa ina kosa gani?”

Hapo kijiti cha binti kikasimama mchangani. Kisha akasema polepole, “Bwana afya alisema wako wengi. Wengine duara, wengine kama vijiti, na wengine wamevaa ute juu ya ukuta, kama kahawa. Si wote wanaumiza. Kwetu tunaloweka muhogo mpaka ulainike. Mtungi mpya huchelewa. Mama yangu alikuwa anachota maji ya mtungi wa jirani na kutia humo, basi muhogo unalainika.” Akainua uso. “Nimewaua wanaokula ute.”

Aliomba ruhusa kwangu, si kwa mumewe, aende kwa jirani afanye kama mama yake. Nikamwambia aende.

Alizisuuza punje kwa maji ya kijitoni mpaka harufu ya dawa ikaisha. Akaenda kwa jirani na ndoo, akarudi na maji mazito yaliyobaki kwenye sanduku lao, akayakoroga humo, akafunika kwa magunia maana kipupwe cha milimani kinachelewesha. Jirani alicheka sana. Hajawahi kuombwa uchafu, alisema.

Punje zilikuja kukwaruza. Nilizisugua mwenyewe, nikampa wifi naye asugue. Alisugua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tukaosha, tukaanika mpaka zikakauka. Mnunuzi alipokuja alinusa, akatia mkono mpaka chini ya gunia, akanusa tena, akasema waziweke kwenye mizani. Gari lilipoondoka kuelekea Kitai, wifi alimwita binti.

“Huyo mdudu wa sanduku letu, naye ana mkia?”

“Wengine wanao, shangazi, wengine hawana.”

“Wa kwetu asiwe nao. Asije akaogelea kurudi kwa jirani.”

Binti akacheka. Chupa ya dawa niliihamishia jikoni, kwenye maji ya kunywa. Ukoko wa sanduku, makao ya hao wadudu, hatukuusugua tena, tuliusuuza tu, na aliyesuuza ni binti yule yule.