Kondoo wa Bisil na Barabara Inayoimba

Ami yangu alisema sitamaliza hata mwaka Marekani, kwamba mtu aliyeshindwa na baiskeli hapo Tuala hawezi kupewa lori. Nililiendesha, nikasomea diploma ya uchukuzi nikiwa kazini, nikarudi nikajenga Kitengela. Kwa hivyo aibu yangu si ya kukosa akili. Ni ya kuwa nayo nyingi kupita kiasi.

Mzee Lemayian, mfugaji wa Bisil, alikuwa anakuja kuona boma langu mara ya kwanza, aamue kama nitamwoa binti yake Nasieku. Mimi, badala ya kununua nyama na kunyamaza, nikakumbuka kwamba huko California, jangwani, kuna barabara iliyokatwa mifereji, ukipita kwa mwendo unaofaa magurudumu yanaimba. (Majirani wa ile ya kwanza walilalamika, ikafunikwa, ikahamishiwa mbali, hilo wakati huo sikumwambia mtu.) Nikaazima mashine ya kukata simiti kwa jirani yangu Mama Wanjiru, nikachana njia yangu yote kutoka geti hadi mlangoni (nina ploti ndefu), nikampigia mzee simu.

"Baba, ukifika getini usipunguze mwendo. Kanyaga mafuta usikie."

Mzee ni mtu wa heshima. Alikanyaga. Pikapu ikalia kama ng'ombe waliomeza filimbi, kibuyu cha maziwa lala kikapasuka, mlango wa nyuma ukafunguka, na kondoo ambaye mzee alikuwa ameniletea akaruka, akanipita nimesimama na kichwa nimeshainamisha (kwao mdogo huinama aguswe kichwa), akatoka nje kuelekea barabara ya Namanga.

Huyo kondoo hakuwa mboga. Kwa Wamaasai, mkipeana kondoo mnaitana Paker maisha yote; asipofika mkononi, ningebaki "wewe kijana", na Nasieku angebaki kwao.

Nikamkimbiza na suti (ya binamu yangu), nikampita kinyozi, nikampita fundi wa mageti, hadi kwenye mtaro nyuma ya bucha (kondoo mwenyewe hajui pa kujificha), tukaingia wote wawili. Nilipotoa kichwa, mzee alikuwa amesimama juu yangu.

"Hiyo barabara yako iko na malaria?"

"Inaimba, baba."

"Na huko Marekani watu wanalala karibu na hiyo kelele?"

"Walikataa. Ikafunikwa."

"Kumbe wako na akili. Nipe huyo."

Nikampa. Akampangusa kondoo uso kwa shuka yake, akamrudisha mikononi mwangu, polepole, kama ndiyo kwanza anafika.

"Shika sana, Paker."

Wiki hiyo nilijaza mifereji simiti. Kibuyu kipya kikaenda Bisil, suti ikapita kwa dobi mara mbili kabla ya kumrudia binamu, na mashine nikamrudishia Mama Wanjiru mwisho, mchana, watu wakiona. Akauliza kama kuna kitu kingine cha Marekani nataka kukata. Nikasema hapana, siku hizi maarifa yangu ni ya mdomo tu: barabara zao kuu zenye namba shufwa huelekea mashariki na magharibi.

"Hiyo ni sawa," akasema. "Hiyo haimwagi maziwa."