Mnunuzi Yule Yule, Gari Jingine

Saa mbili asubuhi, kando ya barabara kuu hapa Mikumi, Hildegarda Mkude anaweka kiganja juu ya boneti ya kirikuu nyeupe, gari dogo la mizigo, kisha anakiondoa haraka.

"Mbona ina moto? Si ulisema haijawashwa tangu jana?"

Dalali, kijana aliyejitambulisha kwa jina la Ditram, anacheka. "Jua hilo, mama."

Jua lenyewe bado limefichwa na maduka. Hili ni gari la nne analolikagua tangu Pasaka, na amechoka kufanywa mtu asiye na macho.

"Sawa. Injini ya moto huficha ubovu. Nakaa hapa mpaka ipoe, ndipo uiwashe," anasema, na kuketi juu ya gunia lake la vitunguu.

Mama huyo wa watoto watatu hununua vitunguu Malolo na kuviuza Mikumi na Kilosa mjini. Kila safari hukodi gari kwa Sh80,000. Mwenye gari akipata mzigo mnono zaidi, vya kwake hubaki shambani vikinyeshewa. Machi, magunia sita yalimwozea.

"Nilikaa nikayatazama yanavyotoa maji. Nikasema basi, nanunua langu."

Hakujua anajitafutia nini. Gari la kwanza lilipakwa rangi juu ya kutu. La pili lilikuwa na kadi ya usajili yenye jina la mtu ambaye hata muuzaji hamjui. La tatu, Kilosa, nusura alilipie, maana alitokea mzee mwenye suti ya kijivu akidai analichukua siku hiyo hiyo. Fundi wake, Beda, ndiye aliyemvuta kando na kumwambia asinunue kwa presha.

Leo, injini haijapoa, Ditram anasogea pembeni na kupiga simu. Muda si mrefu bodaboda inamshusha mzee mwenye suti ya kijivu.

"Gari ndiyo hii? Naichukua sasa hivi."

Hildegarda anasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Lile la Kilosa hukulichukua?"

Mzee anamtazama Ditram. Ditram anatazama barabara. Mzee anapanda tena bodaboda na kuondoka bila kuaga.

"Mtu mzima namna ile!" Hildegarda anafoka. "Mara zote mbili nimempa shikamoo, na ameitikia! Hivi mtu akiniambia tu gari lake linaumwa wapi, anapungukiwa nini?"

Aliyemwambia hivyo ni mmoja tu. Ni Yusta, mjane mkazi wa Msowero anayeuza kirikuu ya marehemu mumewe. Hildegarda alipompigia simu jana, hata kabla hajauliza lolote, Yusta alisema: "Dada, gia ya tatu inachomoka yenyewe gari likienda. Nakuambia mapema usije ukapoteza nauli."

Jumamosi Hildegarda atakwenda na Beda. Wataiwasha ikiwa ya baridi, wataipakia mzigo na kuipandisha mlima. Kadi itahakikiwa kabla hajatoa hata shilingi.

"Beda anasema gia inatengenezeka," anasema. "Mimi naomba Mungu nikute kweli inachomoka. Ikichomoka, nanunua."