Chewa Aliyesusa Chakula

Chewa wangu alikuwa na urefu wa kiganja alipofika Mpanda, ndani ya ndoo yenye mfuniko na pampu ndogo ya betri. Kaka yangu alimsindikiza kwenye treni tangu Dar es Salaam. Tangi la kioo nilikuwa nimeliandaa miezi miwili kabla, sebuleni, hapa Makanyagio: maji ya mvua niliyoyachuja, chumvi maalumu ya bahari, na kipimo cha chumvi hiyo nilichokisoma kila asubuhi. Yote hayo nilijifunza kwa kusoma. Sikupata popote namna ya kumshawishi samaki aliyezoea kuwinda viumbe hai akubali mnofu.

Siku kumi na mbili hakula. Nilidondosha vipande vya migebuka, samaki wa ziwani, kutoka juu, nikarudi nyuma, nikasubiri dakika kumi, kisha nikaviopoa visije vikaharibu maji. Yeye alibaki chini ya jiwe, macho yakizunguka, tumbo likizidi kubonyea. Kwa hesabu yangu, siku mbili tatu zaidi angekufa.

Siku ya kumi na tatu mama mkwe akaja kutoka Sibwesa. Kwetu mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe, wala hamtazami usoni. Akiwa sebuleni, mimi nakuwa uani. Kwa hiyo sebule ikawa yake, na chewa pia.

Nikamwomba mke wangu adondoshe vipande kama nilivyomwandikia kwenye karatasi. Nikiwa chini ya dirisha nilimsikia mama mkwe.

"Nyie mnamtupia kama mnamwaga maganda. Hata mbwa angenuna."

"Mama, ndivyo baba watoto alivyoandika."

"Ameandika. Huyo samaki amesoma?"

Nikasikia maji yakitikiswa. Kisha mke wangu akacheka, akaniambia kupitia dirishani kwamba kipande kimeliwa.

"Muulize mama, alikishikaje?"

"Mwambie nilikitingisha."

"Juu ya maji au ndani?"

"Ndani, karibu na kioo."

"Kwa kasi gani?"

"Mwanangu, mwambie mumeo mimi si redio. Aje aone."

Sikuwa na uhakika kama nimesikia sawa. Niliingia polepole, nikaishia mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameshanipa mgongo, uso kwenye kioo, kitenge amekivuta kichwani hadi shavuni. Nikautazama mkono wake tu. Kipande alikifunga kwa uzi mweusi wa kushonea. Alikivuta, akakiacha kizame kidogo, akakivuta tena, kama kitu kinachotaka kutoroka. Chewa alitoka chini ya jiwe, akatulia, madoa yake yakakolea. Sikuona akimeza. Kipande kilikuwepo, kisha hakikuwepo, na mdomo ulikuwa umeshafumbwa.

"Mwambie akate vidogo zaidi," mama mkwe alisema, bado ametazama kioo. "Hivi vitamkaba."

Mke wangu hakuwemo tena chumbani. Nikaenda jikoni kukata.