Wembe wa Kumpokea Mgeni

Juzi nilikuwa kwenye shule moja ya msingi karibu na machimbo ya Nyarugusu. Mtafiti wa afya, binti wa mjini mwenye afro kubwa kama ungo, alikuja kutafuta chawa vichwani mwa wanafunzi. Alipowakuta wamejipanga mstari, alibaki ameshika chanuo hewani. Vichwa vyote vilikuwa vipara, vinang'aa mafuta.

"Nywele ziko wapi?"

"Tumewanyoa jana, mwanangu," mama mmoja akajibu kwa fahari. "Mgeni aje akute watoto wana chawa? Aibu gani hiyo!"

"Lakini mama, mimi nimewafuata hao hao chawa!"

Mama akaitazama ile afro. "Basi tuanze na nywele zako."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Binti naye akacheka, kisha akawageukia wazazi, maana alitumwa pia kuuliza habari za tumbaku na saratani ya mapafu. Nani anavuta?

"Hapa hatuvuti," akasema baba mmoja, mchimba dhahabu, mkono kaushindilia mfukoni mwa koti. Mfuko ukaanza kufuka moshi. Mkewe akaupiga makofi kuuzima, nasi tukacheka hadi machozi. Baba mwenyewe alicheka kutushinda wote, mpaka kikohozi kikamkamata. Sisi tulimaliza kucheka, yeye bado anakohoa.

Kumpokea mgeni kwa usafi tunajua, na wembe wa vichwa tunao. Haya, nionyesheni wa kunyolea mapafu.