Uyoga Katika Chumba Kilichofungwa

Watu walimwita Mama Gunzi, na yeye alikwisha kuzoea kuitika. Tangu aolewe hakuwahi kupanda kitu kingine zaidi ya mahindi. Mahindi mbele ya nyumba, mahindi nyuma, mahindi mpaka kwenye kijia cha kwenda chooni, hata mgeni aliyeshikwa na haja ilibidi apasue njia kama anayeingia msituni. Aliyembatiza jina hilo ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa nyumba ya jirani. "Wifi," alimwambia siku moja, "wewe ukipasuliwa, ndani tutakuta gunzi tupu."

Zamani utani ule ulichekesha. Lakini ardhi ilikuwa imechoka. Msimu uliopita viwavi walikula majani yakabaki mishipa, na msimu huu mahindi yalizaa kwa mapengo kama kinywa cha mzee. Mumewe akashusha begi la safari kutoka kwenye msumari ukutani, akalipangusa vumbi, akaliweka karibu na mlango. Alisema anakwenda kwenye machimbo ya mawe kutafuta kibarua. Mtu ambaye hakuweza kuinua ndoo ya maji bila kuuma meno kwa maumivu ya mgongo! Mama Gunzi alikwisha kumzika mtoto. Kila alipopita karibu na begi lile, moyo ulimlipuka paa.

Ndipo alipokuja Bibi Shamba. Huyu alikuwa afisa kilimo, msichana bado, mwenye pikipiki iliyosikika kabla yeye hajaonekana. Hakuuliza habari za shamba. Alikunywa maji, akarudisha kikombe, akasema, "Mama, hapa kwenu chumba chenye giza kuliko vyote ni kipi?"

Wifi akaangua kicheko. "Mwanangu, umekuja kutufundisha kilimo au umekuja kujificha?"

"Nimekuja kwa ajili ya uyoga, shangazi."

Akawaeleza. Uyoga hauhitaji shamba kubwa wala kutazama mawingu. Unataka giza, ubaridi na usafi, na chakula chake ni mabua na magunzi yaleyale wanayoyatia moto kila baada ya mavuno.

"Magunzi?" Mama Gunzi aliuliza, kama mtu aliyesikia ametajwa.

"Magunzi, mama. Yakipondwa."

"Kwangu ukungu unaota bure kwenye viatu," wifi alisema, "na hajaja mtu kuniita mtaalamu."

Bibi Shamba alizunguka nyumba nzima. Jikoni kulikuwa na moshi. Ghalani bati liliwaka na harufu ya dawa ya wadudu ilikaba koo. Mwishowe akasimama mbele ya chumba kidogo cha uani, chenye kuta nene za matofali, paa la nyasi na kidirisha kimoja. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha pale.

"Hiki," alisema. "Aliyekijenga anajua kazi."

Mama Gunzi alishika pindo la kanga yake. Naye wifi, ambaye maneno hayakuwahi kumwishia, aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu, na miguuni alikuwa na ndala.

Chumba kile alikijenga kijana wao, fundi mwashi. Matofali alifyatua mwenyewe, akisema hataki mchumba wake aje kulala sebuleni kama mzigo. Homa ilimchukua kabla mchumba hajafika. Tangu mazishi ufunguo ulikaa kwenye pindo la kanga ya mama yake, na baba yake hakulitaja tena jina la mwanawe.

"Hicho hakifunguliwi," Mama Gunzi alisema.

"Nisamehe, mama. Sikujua." Bibi Shamba akawasha pikipiki, akaondoka bila kubembeleza.

Jioni ile mume alianza kukunja mashati. Aliinama, akajishika kiuno, akainama tena. Mama Gunzi alimtazama mpaka akashindwa kuvumilia. Akafungua pindo, akaweka ufunguo juu ya mashati ndani ya begi.

"Baba, huendi kuvunja mawe. Mwite yule binti."

Kitanda kilitolewa. Mashati ya marehemu na mwiko wake wa ujenzi vikahamia nyumba kubwa. Ukutani wakapaka chokaa. Magunzi yalipondwa, mabua yakakatwakatwa, vyote vikachemshwa kwenye pipa. Vilipopoa wakavishindilia kwenye mifuko ya nailoni, tabaka la magunzi, tabaka la mbegu za uyoga alizoleta Bibi Shamba, kisha wakaining'iniza darini kwa kamba. Bibi Shamba aliweka masharti mlangoni: nawa kwa sabuni, badili ndala, ingia ukiwa na kazi tu. Mifuko isiguswe ovyo.

Siku zilivyokwenda, nyuzi nyeupe zilitambaa ndani ya mifuko, taratibu, kama mvuke unaopanda kwenye kioo. Gunzi lililokuwa takataka likawa jeupe kama pamba. Wifi mwenyewe alichungulia dirishani akasahau kutania.

Kisha yakatokea madoa ya kijani. Hayakuwa kila mahali, ni kwenye kona moja tu. Bibi Shamba alimulika kwa tochi mfuko mmoja mmoja, akakunja uso.

"Huu ni uchafu wa mikono. Nani anaingia humu bila kunawa?"

"Labda panya," mume alisema haraka.

"Panya hana vidole, baba." Alionyesha. Juu ya vumbi la chokaa lililokuwa kwenye nailoni, alama za vidole zilionekana wazi.

Mama Gunzi alikuwa amesimama kizingitini, akishika kanga yake pale ambapo ufunguo ulikuwa ukifungwa.

"Ni mimi," alisema. "Nikitoka kwa mbuzi alfajiri, napita. Pale ndipo kichwa chake kilipokuwa kikilala. Namwamkia tu, mwanangu. Namshika kidogo, naondoka."

Bibi Shamba alizima tochi. Hakukemea. Aliifungua mifuko ya kona ile, akaitoa nje, akaenda kuifukia mbali na nyumba. Mume akatoka. Mama Gunzi alijua sasa begi litafungwa kwa kweli.

Lakini kilichosikika ni udongo ukikandwa. Mume alikuwa nyuma ya chumba, chini ya kidirisha, na mwiko wa mwanawe mkononi. Alikuwa akipanga matofali yaliyobaki tangu ujenzi, moja juu ya jingine, akiguna kila alipoinama. Alipomaliza palikuwa na kibaraza cha kukalia mtu mmoja, au wawili wakibanana.

"Kaa hapa," alimwambia mkewe. "Zungumza naye dirishani. Sauti haina uchafu."

Halafu akalitaja jina la kijana wao, polepole, kama anayejaribu mguu uliovunjika.

Mifuko iliyosalia ilichipua. Uyoga ulitokeza kwenye matundu waliyotoboa, mashada kwa mashada, laini, kama masikio ya watoto. Mavuno ya kwanza hayakujaza beseni, na ile kona yenye kamba tupu ilionekana wazi. Lakini begi lilirudi msumarini, na wifi akaja na gunia la magunzi yake kichwani, akisema ameyaleta yasalimie wenzake.

Asubuhi ya kuvuna mara ya pili, Mama Gunzi alikuwa akinawa mikono mumewe alipomuuliza, "Umeshamwamkia?"

"Bado."

"Basi acha leo nitangulie mimi," alisema, akaenda kukaa kwenye kibaraza.